Stanley, Bula Matari: kitabu cha nakala 250 kilichotoka katika msitu wa Ituri

Mkaaji wa Nyalukemba, katika tarafa ya Ibanda mjini Bukavu, hana safari ndefu ili kufika pale mto Ruzizi unapotoka katika Ziwa Kivu. Maji yale yanashuka kusini, yanapita karibu na Uvira na kuingia katika Ziwa Tanganyika. Kwa watu wa hapa hilo ni jambo la kila siku. Lakini kwa Wazungu wa karne ya 19 lilikuwa swali kubwa, maana wengine kati yao walifikiri kwamba Ruzizi inatoka Tanganyika na kwenda kuungana na mto Nile.

Mwezi wa 11 mwaka wa 1871, watu wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mwisho wa kaskazini wa Tanganyika ili kuangalia kwa macho yao. Waliona kwamba mto unaingia katika ziwa, hautoki humo. Mmoja alikuwa David Livingstone, mzee aliyechoshwa na magonjwa. Mwingine alikuwa mwandishi wa gazeti mwenye miaka 30, Henry Morton Stanley.

Stanley hakupanda Ruzizi hadi Kivu, na hakukanyaga mahali Bukavu iko leo. Mjerumani von Götzen ndiye Mzungu wa kwanza aliyeona Ziwa Kivu, mwaka wa 1894. Hata hivyo, jina la Stanley limefungwa na historia ya Kongo kuliko jina la msafiri mwingine yeyote. Kati ya vitu alivyoacha nyuma kuna kimoja ambacho matajiri wenye kukusanya vitabu wanakitafuta hadi leo: kitabu cha mwaka wa 1890, kilichotengenezwa kwa nakala 250 tu. Kuelewa kitabu hicho ni kuelewa pia maisha ya mtu huyo, na maisha ya wale waliobeba mizigo yake.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 huko Denbigh, inchi ya Wales, na akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa na bwana, na hakumlea. Babu aliyemchunga alikufa, na mtoto akiwa na miaka 6 akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, ambako watu wasio na kitu walipewa chakula na kazi chini ya sheria kali. Humo ndimo alijifunza kusoma na kuandika. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na askofu wa pale akamzawadia Biblia.

Mwaka wa 1859 alivuka bahari kama mtumishi wa meli, akashuka New Orleans, Marekani. Huko alichukua jina la mfanyabiashara mmoja, Stanley. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mfanyabiashara huyo alimfanya kuwa mtoto wake, lakini wanahistoria wengi wanaona kwamba hadithi hiyo aliitunga. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana upande wa kusini, akatekwa, kisha akahamia upande wa kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na gazeti hilo ndilo lilimtuma kumtafuta Livingstone.

Tangu siku hiyo, kila safari ya Stanley ilizaa kitabu. Safari ya Ujiji ilitoa kitabu mwaka wa 1872. Safari ya kuvuka Afrika, kutoka Bagamoyo mwaka wa 1874 hadi Boma mwaka wa 1877, ilitoa kingine mwaka wa 1878. Katika safari hiyo alipita Nyangwe, katika Maniema, akafuata mto Kongo hadi bahari. Watu zaidi ya 350 waliondoka naye. Waliofika walikuwa karibu theluthi moja tu. Wazungu watatu aliokuwa nao walikufa wote.

Namna alivyojali karatasi inaonekana katika kisa kimoja alichosimulia juu ya safari hiyo. Alieleza kwamba mwaka wa 1877, kule Mowa, wanakijiji walimwona akiandika katika daftari, wakafikiri ni uchawi, wakataka lichomwe moto. Ndani ya daftari hilo kulikuwa ramani na habari za miaka mitatu. Basi akawapa kitabu cha Shakespeare kilichofanana nalo, kikachomwa, na daftari likapona. Kuna wanaofikiri kwamba aliipamba hadithi hiyo. Lakini inaonyesha wazi aliyoyaona kuwa mali yake ya kweli: karatasi zilizotoka safarini.

Mvunja mawe wa mfalme Leopold

Kati ya mwaka wa 1879 na 1884 Stanley alimtumikia Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Alijenga vituo kandokando ya mto na kufanya mapatano na machifu, mapatano ambayo Leopold aliyatumia ili kujipatia inchi nzima. Katika kazi ya kufungua njia kati ya miamba ya Kongo ya Chini alipata jina la Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye watu waliita serkali yote ya kikoloni kwa jina hilo, na halikuwa jina la upendo.

Safari yake ya mwisho ndiyo ilizaa kitabu tunachozungumzia. Mwezi wa 2 mwaka wa 1887 aliondoka Zanzibar kwa meli, pamoja na Wazanzibari zaidi ya 600 na mfanyabiashara Tippu Tip, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Lengo lilikuwa kumwokoa Emin Pasha, liwali wa jimbo la kusini mwa Sudani, aliyezungukwa na maadui zake.

Kutoka Yambuya, Stanley aliingia katika msitu wa Ituri akiwa na watu 389. Kwa zaidi ya miezi mitano walitembea chini ya miti, katika mvua na matope, wakibeba risasi, vitambaa, na mashua ya chuma iliyokatwa vipande. Njaa iliwaua wengi. Wengine walikufa kwa mishale yenye sumu, wengine walitoroka. Wanakijiji wa Ituri nao waliteseka: msafara ulinyang'anya ndizi na mihogo katika mashamba yao, na wale waliojaribu kuzuia walipigwa risasi.

Kundi la nyuma lililobaki likingojea wapagazi wa Tippu Tip lilipata mabaya zaidi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, na mkubwa wao, Meja Barttelot, aliuawa mwezi wa 7 mwaka wa 1888. Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert, akaona milima ya Ruwenzori, na kufika Bagamoyo mwezi wa 12 mwaka wa 1889. Kati ya Wazanzibari walioondoka naye, waliorudi nyumbani hawakufika nusu.

Siku 50 za kuandika

Mwanzo wa mwaka wa 1890 Stanley alijifungia katika nyumba moja mjini Kairo, Misri, na kuandika kwa muda wa siku 50 hivi. Mchapishaji wake, Edward Marston, alisafiri kutoka London ili kukaa karibu naye. Katikati ya mwaka huo kitabu kilitoka katika mabuku mawili, kikiitwa In Darkest Africa. Watu wa kawaida walikinunua kikiwa na jalada la kitambaa, na kiliuzwa sana Ulaya na Marekani.

Lakini kando ya nakala hizo za kawaida, mchapishaji alitoa nyingine 250 kwa ajili ya watu wenye mali. Kila moja ilipewa namba yake, na Stanley akatia sahihi kwa mkono wake katika kila moja.

Tofauti ilionekana hata mbele ya kufungua kitabu. Mabuku hayo mawili yalikuwa makubwa kuliko yale ya kawaida, yenye kurasa pana na nafasi nyingi tupu kuzunguka maandishi. Nafasi hiyo haikuwa na kazi nyingine ila kupumzisha macho na kuonyesha kwamba karatasi haikuhesabiwa. Mgongo wa kitabu ulivalishwa ngozi ya mbuzi ya rangi ya kahawia, ngozi inayovumilia kukunjwa na kukunjuliwa kwa miaka mingi. Sehemu iliyobaki ya jalada ilifunikwa kwa ngozi nyeupe, ya aina inayokwanguliwa na kukaushwa ikiwa imevutwa kwenye mbao, mpaka inakuwa ngumu na laini kama pembe. Ukingo wa juu wa kurasa ulipakwa dhahabu. Hayo hayakuwa mapambo tu: dhahabu inaziba ukingo ili vumbi lisiingie kati ya kurasa kitabu kikiwa kimesimama katika kabati.

Ndani mlikuwa picha 6 za pekee, kazi ya mchoraji G. Montbard. Naye alikuwa mtu wa jina la kujipatia: jina lake la kuzaliwa lilikuwa Charles Auguste Loye, Mfaransa aliyezaliwa mwaka uleule wa 1841 na kufanya kazi London. Picha za namna hiyo zinatengenezwa kwa sahani ya shaba iliyopakwa nta. Mchoraji anachora kwa sindano, kisha sahani inatiwa katika asidi, nayo inakula shaba mahali sindano ilipopita. Wino unaingia katika mistari hiyo, na karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu yake kwa nguvu. Kila mara sahani inapokandamizwa, mistari inachakaa kidogo. Ndiyo sababu katika kazi hiyo hesabu ndogo haikuwa maringo tu: nakala za kwanza zinakuwa safi kuliko za mwisho.

Montbard hakuwa katika msafara, na hakuona msitu wa Ituri. Picha nzuri zaidi za kitabu zilichorwa na mtu aliyefuata habari za wengine.

Nyota 200

Mwaka uleule wa 1890, kitu kingine kilitengenezwa London kwa hesabu ndogo. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitoa nyota za fedha karibu 200 kwa ajili ya Wazanzibari waliorudi wazima. Stanley alipewa medali ya dhahabu.

Hivyo safari moja ilizaa vitu viwili vya hesabu ndogo: vitabu 250 kwa walioweza kununua, na nyota karibu 200 kwa waliobeba. Leo vyote viwili vinapita katika mikono ya watu wenye kukusanya vitu vya zamani. Wapagazi waliokufa msituni hawakupata kimoja wala kingine. Na wanakijiji waliopoteza mashamba yao hawakuhesabiwa popote.

Stanley alioa Dorothy Tennant mwezi wa 7 mwaka wa 1890, wakati kitabu kilikuwa kimetoka tu. Lakini miezi michache baadaye jamaa za Barttelot na za wenzake zilianza kubishana naye hadharani juu ya kundi la nyuma, na sifa yake ikapata doa ambalo halikufutika. Aliingia katika bunge la Uingereza mwaka wa 1895 na kupewa cheo cha heshima mwaka wa 1899. Alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Aliomba azikwe kando ya Livingstone katika kanisa la Westminster, lakini alikataliwa. Alizikwa katika kijiji cha Pirbright, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa vizuri, na juu yake likaandikwa pia jina la Bula Matari.

Barua na madaftari yake sasa yanachungwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Vitu vyake vingine viliuzwa kwa mnada London mwaka wa 2002. Nakala moja ya zile 250, ikiwa katika hali nzuri, inaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola.

Kuna jambo moja la kushangaza katika ufundi wa kitabu hicho. Ile ngozi nyeupe inaogopa unyevu. Inavuta maji kutoka hewani, inavimba na kujikunja, na jalada linaacha kufunga vizuri. Kitabu kilichotolewa katika mvua ya Ituri hakiwezi kukaa kwa raha Ituri, wala Bukavu, ambako mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Kilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vikavu vya mbali.

Lakini maneno yake hayana ngozi. Kitabu kizima kiko kwenye intaneti, bila malipo, na mwanafunzi wa Nyalukemba mwenye simu na anayejua Kingereza anaweza kukifungua leo. Hatagusa dhahabu ya ukingo wala sahihi ya Stanley. Ila ataweza kufanya jambo ambalo wanunuzi wengi wa zile nakala 250 pengine hawakulifanya: kusoma majina ya vijiji na mito ya Ituri akijua kwamba bado ipo, na kujiuliza wale waliokuwa wakiishi humo wangeandika nini, kama karatasi ingekuwa mikononi mwao.