Edwin Link: Fundi vinanda aliyewafundisha marubani kuruka wakiwa chini

Kama wewe ni mpenzi wa gemu za ndege za kivita, ule mlio unaujua. Uko angani, mara masikioni inaanza pii, pii, pii, na kwenye kioo kidogo cha duara inatokea alama. Maana yake kuna rada imekumulika, na huenda kombora liko njiani.

Wachezaji makini wanabishana sana kuhusu kifaa hicho: kwenye gemu kinafanya kazi kama cha kweli, au kimerahisishwa mno?

Swali hilo, yaani mashine ya mafunzo ifanane na ndege kwa kiasi gani, lina karibu miaka 100. Na mtu aliyelijibu mapema, tena kwa mafanikio makubwa, alikuwa mtengeneza vinanda kutoka Marekani aitwaye Edwin Link.

Dola 50 za somo la kwanza

Link alizaliwa Julai 26, 1904 katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Akiwa bado mtoto, familia ilihamia Binghamton, New York, ambako baba yake alimiliki kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya kwenye kumbi za sinema.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 16, alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la kurusha ndege huko California. Kwa wakati ule hizo zilikuwa hela nyingi. Mwalimu akampandisha, akamzungusha na kumpindua angani, kisha akamrudisha chini. Link hakuruhusiwa hata kugusa usukani.

Mwingine angekata tamaa. Yeye alizidi kuipenda ndege, ila jambo moja likamkaa kichwani: lazima kuwe na njia ya kujifunza kwa bei nafuu, na bila kuhatarisha roho ya mtu.

Kinanda kilichogeuka ndege

Kati ya 1927 na 1929, Link alijifungia kwenye chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake. Kinanda kikubwa hutoa sauti kwa nguvu ya hewa, na yeye alikuwa anaijua kazi hiyo vizuri. Akachukua mivukuto na pampu za vinanda, akaviweka chini ya sanduku la mbao lenye kiti, usukani na mabawa mafupi.

Ukivuta usukani, hewa inaingia na kutoka kwenye mivukuto, na sanduku linainama, linainuka au linazunguka. Ukikosea sana, linaanza kuzunguka kama ndege inayoanguka. Tofauti ni moja tu: hapa hufi.

Alipata hataza mwaka 1931, lakini shule nyingi za urubani hazikuonyesha hamu. Wateja wakawa viwanja vya burudani, watu wakatumbukiza sarafu na kubembea. Mashine iliyokusudiwa kuokoa maisha ikawa mchezo.

Wingu lililoua marubani

Mambo yalibadilika Februari 1934. Serikali ya Marekani ilivunja mikataba ya kampuni zilizosafirisha barua kwa ndege, ikalikabidhi jeshi kazi hiyo. Ilikuwa msimu wa baridi kali, kuna ukungu na theluji, na marubani wengi wa jeshi hawakuwa na uzoefu wa kuruka bila kuona nje.

Ndani ya wiki chache, zaidi ya watu 10 walikuwa wamekufa.

Ukiwa ndani ya wingu, mwili wako unakudanganya. Unaweza kuhisi umenyooka kumbe ndege imelala upande na inashuka. Kinachokuokoa ni kuamini geji zilizo mbele yako kuliko hisia zako, na hilo halijifunzwi siku moja.

Maofisa wa jeshi wakamwita Link waonane Newark. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa mbaya, na inasimuliwa kuwa walishaona hawezi kufika. Link akatokea ndani ya ukungu na kutua, akiwa ameongozwa na geji. Jeshi likaagiza mashine sita, kila moja dola 3,500.

Masikio nayo yalifundishwa

Sanduku lile halikufanana na ndege ya kweli kwa sura. Likifunikwa, rubani haoni nje hata kidogo. Kilichofanana ni taarifa alizopata, kwenye geji na masikioni.

Enzi hizo marubani walifuata njia kwa milio ya redio. Ukienda upande mmoja unasikia alama ya herufi A, upande mwingine N, na ukiwa katikati milio inaungana na kuwa mmoja mrefu. Mkufunzi wa Link alikaa mezani pembeni, anatuma milio hiyo, anaipunguza au kuikuza. Kigari cha magurudumu matatu kilitembea juu ya ramani, kikichora kila kosa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa takriban mashine 10,000, na zaidi ya marubani 500,000 walipitia humo. Wengi waliziita sanduku la bluu kwa sababu ya rangi yake.

Kutoka mlio wa redio hadi mlio wa rada

Link aliiuza kampuni yake mwaka 1954, lakini jina lake liliendelea, hadi kwenye mashine zilizowafundisha wanaanga wa Apollo.

Mwaka 1965, kwenye vita vya Vietnam, Marekani ilianza kufunga kwenye ndege za F-100F vifaa vya kumwonya rubani kuwa anamulikwa na rada za makombora ya Kisovieti. Ndo babu wa kile kinachokulilia kwenye gemu.

Kifaa hicho hakioni, kinasikiliza tu. Kinapima nguvu ya mawimbi, si umbali wenyewe, kwa hiyo rada kubwa iliyo mbali inaweza kuonekana kama iko karibu. Kinaweza kuchanganya rada zinazofanana. Na kombora linalofuata joto la injini halirushi mawimbi ya rada, hivyo kifaa kinanyamaza huku linakuja.

Gemu nyingi rahisi zinakupa kifaa kisichokosea: kinajua aina ya adui, alipo na umbali wake. Taarifa nyingi za vifaa vya kweli ni siri za kijeshi, kwa hiyo watengenezaji wanabaki kukisia. Ukizoea kifaa cha namna hiyo, unajifunza kukiamini kupita kiasi. Ni kinyume cha kazi ya Link, aliyetaka mwanafunzi akutane na ukungu na mlio hafifu akiwa bado chini.

Bahari ilimchukua mwanawe

Baada ya kuuza kampuni, Link aligeukia bahari na kubuni vyombo vya kuzamia. Juni 1973, karibu na Key West, Florida, chombo cha Johnson Sea Link alichoshiriki kukibuni kilinasa kwenye mabaki ya meli. Watu wanne walikwama chini kwa zaidi ya saa 24. Wawili walifariki, na mmoja wao alikuwa mwanawe, Clayton, mwenye miaka 31.

Link hakuikimbia kazi. Alibuni kifaa cha uokoaji kisichobeba mtu, chenye kamera na mikono ya kukata, ili wengine wakinasa wafikiwe haraka.

Alifariki Septemba 7, 1981 mjini Binghamton, akiwa na miaka 77. Uwanja wa ndege wa mji huo hadi leo unabeba jina lake.