Maisha ya Paul Panda Farnana, askari asiyewaacha wenzake

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya manabii na ya wazee wa kanisa. Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa nabii wala mchungaji. Ni mtoto wa Kongo aliyevaa mavazi ya askari, akafungwa zaidi ya miaka minne katika nchi ya adui, na alipotoka kifungoni hakusema kwamba sasa amepona na apumzike. Jina lake ni Paul Panda Farnana. Mimi nilimaliza masomo ya sekondari bila kulisikia jina hilo hata mara moja, ingawa majina ya wafalme wa Ubelgiji tuliyajua yote kwa kufuatana.

Panda alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, karibu na Moanda, pale ambapo mto wetu mkubwa unaingia baharini. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Mwaka 1900, akiwa na miaka 12 tu, ofisa mmoja Mbelgiji aitwaye Jules Derscheid alimchukua akaenda naye Ulaya, akamkabidhi kwa dada yake, Bibi Louise Derscheid, naye akamlea kama mtoto wake. Wakati ule watoto wengi wa Kongo walipelekwa Ulaya ili waonyeshwe watu, kama mtu anavyoonyesha ndege wa ajabu, kisha wakasahauliwa. Lakini Bibi Louise alimtia Panda shuleni. Alisoma katika Athénée ya Ixelles mjini Brussels, halafu akaingia shule ya kilimo na bustani ya Vilvoorde, ambako alipata diploma mwaka 1907. Akaongeza masomo ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kupata diploma ya masomo makubwa Ubelgiji.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimwajiri kama mtaalamu wa kilimo, ikamtuma katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka. Tufikirie kidogo jambo hili. Miaka ile Mkongo akiingia katika kazi ya Bula Matari, aliingia kama mpagazi, mtumishi wa nyumbani, karani mdogo au askari. Panda aliingia akiwa na diploma ileile ya wazungu aliofanya kazi pamoja nao. Baadaye alihamishiwa Bas-Congo, upande wa kwao. Katika miaka hiyo aliona kwa macho yake jinsi watu wa vijiji walivyolazimishwa kazi na jinsi walivyodharauliwa, na mambo hayo hakuyasahau.

Mwezi wa nane mwaka 1914, vita vilipolipuka, Panda alikuwa Ubelgiji. Wajerumani waliivamia nchi ile ndogo, na Panda, ambaye hakuna sheria iliyomlazimisha, alijiandikisha katika kikosi cha Volontaires congolais. Kikosi kile kiliongozwa na Koloneli Chaltin, mzee wa vita vya Kongo, na wengi ndani yake walikuwa wazungu waliowahi kufanya kazi huku. Wakongo walikuwamo wachache. Katika jeshi lote la Ubelgiji kule Ulaya, Wakongo waliopigana vita ile wanahesabiwa kuwa 32.

Walitumwa kulinda mji wa Namur. Mizinga mikubwa ya Wajerumani ilivunja ngome za mji ule kwa siku chache, na tarehe 23/8/1914 Panda alikamatwa. Mwenzake Albert Kudjabo, mtoto wa Kilo kule Ituri, naye alikamatwa Namur. Tangu siku ile hadi vita vilipokwisha mwaka 1918 walikuwa wafungwa, wakihamishwa kambi hii na kambi ile, kwenye baridi na njaa, na kazi za kulazimishwa. Tena wataalamu wa Kijerumani walipita makambini na mashine za kunasa sauti, wakitafuta lugha za mataifa yote. Mwaka 1917, katika kambi ya Münster, walimwita Kudjabo, akaimba nyimbo za kwao mbele ya mashine yao. Mtu yuko kifungoni, mbali na mama yake, na walinzi wake wanataka awaimbie! Nimelifikiri jambo hili mara nyingi.

Wapendwa, vita vilipokwisha ndipo kazi kubwa ya Panda ilipoanza. Wakongo waliokuwa Ubelgiji walikuwa watu wa namna nyingi: askari waliotoka mahandakini, wafungwa waliorudi kutoka Ujerumani, mabaharia wa meli za Antwerp na Matadi, watumishi walioachwa na mabwana zao. Wengi hawakuwa na kazi wala ndugu. Serikali ya koloni haikupenda kabisa Wakongo wakae Ulaya, maana iliogopa kwamba wakiuzoea uhuru wa kule watarudi na mawazo mapya. Wale waliofaa kufa kwa ajili ya nchi ile hawakufaa kuishi ndani yake.

Basi tarehe 30/8/1919, Panda na wenzake waliunda mjini Brussels chama kilichoitwa Union Congolaise. Kudjabo alikuwa mmoja wao, na wengi wa waanzilishi walikuwa wapiganaji wa vita. Jina kamili la chama lilieleza kazi yake: ni chama cha kusaidiana na cha kuwaendeleza Wakongo katika tabia na akili. Sisi tunazifahamu mitialite zetu, mgonjwa anatembelewa, mwenye shida anachangiwa. Chama chao kilikuwa cha namna hiyo, lakini kilipita hapo, maana Panda aliona kwamba kumpa mwenzako mkate leo haitoshi kama kesho anafukuzwa mlangoni. Alitaka Wakongo wapate masomo, huku Kongo na kule Ulaya. Na alitaka damu ya askari weusi ihesabiwe.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Askari wa Kongo hawakupigana Namur na mtoni Yser peke yake. Walipigana Kameruni, na tarehe 19/9/1916 waliingia Tabora, na mwaka uliofuata Mahenge. Nyuma yao walitembea wapagazi maelfu na maelfu waliobeba risasi na chakula kichwani, na wengi walianguka njiani kwa ugonjwa na uchovu. Baada ya ushindi huo Ubelgiji ilipata Ruanda na Urundi. Panda aliuliza mbele ya wakubwa: je, watu waliofanya hayo hawastahili kusema neno juu ya nchi yao wenyewe? Katika kongamano la mambo ya koloni lililofanyika Brussels mwezi wa kumi na mbili 1920, alisimama akadai Wakongo washirikishwe hatua kwa hatua katika kuiongoza Kongo. Wasikilizaji wengi walishangaa. Hawakuzoea kumsikia mtu mweusi akisema Kifaransa sawasawa kuliko wao, na kudai haki bila kuinamisha kichwa.

Majibu hayakuwa ya upole. Hata katika gazeti moja la wapiganaji wa zamani, yaani watu waliovaa nguo moja na wao, iliandikwa kwamba weusi warudishwe kwao. Watu wa Union Congolaise walijibu kwamba vita vilipowaka hakuna aliyewaambia warudi kwao.

Panda aliwatafuta pia ndugu wa mbali. Mwezi wa pili 1919 alikuwa Paris, katika mkutano wa watu weusi wa dunia ulioitishwa na Mwamerika W. E. B. Du Bois. Mkutano wa pili ulifanyika mwaka 1921 London, Brussels na Paris, na kule Brussels Panda alikuwa mmoja wa wenyeji wake. Hakuomba Wabelgiji wafukuzwe Kongo. Aliomba shule, heshima, na nafasi ya kusikilizwa. Hata hivyo magazeti yalipiga kelele kwamba mkutano ule ni kazi ya wakomunisti.

Tukumbuke mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mkutano wa Brussels ulimalizika mwanzoni mwa mwezi wa tisa 1921, na siku chache tu baadaye, tarehe 12/9, Simon Kimbangu alijitoa mikononi mwa askari kule Nkamba. Tarehe 3/10 alihukumiwa kifo Thysville, hukumu ambayo mfalme aliibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Mmoja alisema kwa Kikongo kijijini, mwingine kwa Kifaransa katika miji ya Ulaya, na Bula Matari aliwaogopa wote wawili. Sisemi walikuwa kitu kimoja. Nasema walikuwa watoto wa Bas-Congo, wa umri karibu mmoja, na wakati wao ulikuwa mmoja.

Miaka iliyofuata Union Congolaise iliendelea, lakini kwa taabu. Fedha zilikuwa chache, na wanachama walitawanyika kutafuta mkate.

Mwaka 1929 Panda aliacha Ulaya akarudi Nzemba. Mtu aliyezungumza na mawaziri alirudi kukaa na watu wa kijiji chake. Hapo alianzisha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya mawese, akajenga shule na kanisa dogo la Mtakatifu Antonio. Hakupewa muda mrefu. Alifariki Matadi tarehe 12/5/1930, akiwa na miaka kama 42, baada ya kukaa kwao mwaka mmoja hivi.

Mjini Brussels, katika mtaa wa Schaerbeek, sanamu ya kuwakumbuka askari wa vita vya Afrika ilisimamishwa mwaka 1970, miaka arobaini baada ya kifo chake. Rafiki yake Kudjabo aliishi miaka minne zaidi, akafariki mwaka 1934. Sauti yake ile iliyonaswa kambini ingali imehifadhiwa Berlin, na mtu akiisikiliza humsikia kijana wa Kilo akiimba nyimbo za kwao.