Yukio Mishima: Mwandishi aliyeigiza kifo kabla ya kukiendea

Kwa zaidi ya miaka 30, filamu fupi ya Kijapani isiyofika hata nusu saa ilikuwa haionekani hadharani. Mwaka 2006 ilitolewa rasmi nchini Japani katika DVD, na miaka miwili baadaye ikawafikia watazamaji wa Marekani. Filamu hiyo ni Yukoku, yaani Uzalendo, na aliyeitunga, kuiongoza na kuigiza humo kama mhusika mkuu ni mwandishi Yukio Mishima.

Mishima alizaliwa Tokyo Januari 14, mwaka 1925, akapewa jina la Kimitake Hiraoka. Miaka yake ya utotoni aliipitisha chini ya ulinzi mkali wa bibi yake mzaa baba, aliyemtenga na michezo ya wavulana wenzake. Mwaka 1945 aliitwa jeshini, lakini daktari alimkuta na homa, akamdhania kuwa na maradhi ya mapafu na kumrudisha nyumbani. Kunusurika huko na vita vilivyowamaliza vijana wengi wa rika lake hakukumtoka akilini.

Baada ya kusomea sheria, aliajiriwa katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1948 aliacha kazi hiyo ili aandike. Mwaka uliofuata, riwaya yake Maungamo ya Barakoa ilimpatia umaarufu. Mwaka 1956 ilifuata Hekalu la Dhahabu, iliyotokana na kisa cha kweli cha mtawa kijana aliyelichoma moto hekalu la kale mjini Kyoto. Jina lake lilitajwa miongoni mwa waliotarajiwa kupata Tuzo ya Nobel, ambayo mwaka 1968 ilimwendea mlezi wake katika fasihi, Yasunari Kawabata.

Hadithi fupi ya Uzalendo ilichapishwa mwaka 1961. Inamhusu luteni aliyeoa karibuni, ambaye rafiki zake wameshiriki uasi wa kijeshi wa Februari 26, mwaka 1936. Akijua kuwa ataamriwa kuwashambulia, anaamua kujiua kwa desturi ya samurai, na mkewe anamfuata. Mwaka 1965 Mishima aliigeuza kuwa filamu, akaipiga kwa siku mbili tu. Haina mazungumzo: kuna jukwaa la mtindo wa Noh, muziki wa Richard Wagner na maandishi yanayosimulia kisa. Baadhi ya watazamaji waliiona kuwa sanaa ya hali ya juu, wengine wakaona inakitukuza kifo na siasa za kijeshi zilizoiangamiza nchi.

Mwaka 1968 Mishima aliunda Tatenokai, kundi dogo la vijana lililoapa kumlinda mfalme. Novemba 25, mwaka 1970, aliingia na wafuasi wake wanne katika kambi ya Vikosi vya Kujihami huko Ichigaya, Tokyo, wakamshika mateka kamanda. Kutoka roshani aliwahimiza wanajeshi waipinge katiba ya baada ya vita, lakini walimzomea. Alirudi ndani na kujiua, na mfuasi wake mmoja akafa naye. Alikuwa na umri wa miaka 45, na siku hiyohiyo alikuwa amekabidhi sehemu ya mwisho ya riwaya yake ndefu, Bahari ya Rutuba.

Baada ya msiba huo, mjane wake Yoko aliomba nakala za filamu ziharibiwe. Hata hivyo, negativu zilihifadhiwa nyumbani kwao, na mwaka 2005, miaka kumi baada ya Yoko kufariki, ilitangazwa kuwa zimepatikana.

Watazamaji wa mwaka 1966 waliona mwigizaji. Wanaoitazama leo wanajua yaliyotokea miaka minne baadaye, na hawawezi tena kuitenga filamu na kifo cha mtu aliyeitengeneza.