Ronald Ngala: Nahodha Aliyekivunja Chombo Chake

Ronald Gideon Ngala, Mgiriama wa Kilifi, alizaliwa mwaka 1923. Alisomea ualimu Makerere, akafika kuwa mwalimu mkuu, na mwaka 1957 akachaguliwa kuwakilisha Pwani katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa nahodha wa KADU, chama cha jamii zilizochelea kumezwa na KANU. Sera yao ya majimbo iliingia katika katiba ya uhuru. Wapinzani waliiita ukabila; lakini kwa mkulima wa Kilifi au Malindi aliyelima ardhi asiyo na hati nayo, hofu ile haikuwa ya kubuni.

Novemba 1964 Ngala alikivunja chama, akajiunga na serikali. Wapo wamwitao msaliti. Lawama hiyo imezidi kipimo, kwani wabunge wake walikuwa wakihama mmoja baada ya mwingine. Timu ilikwisha kumvunjikia mikononi.

Mwaka 1966 alikabidhiwa Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii: kutoka unahodha hadi usimamizi wa mipango ya wengine. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, kufuatia ajali ya gari katika barabara ya Mombasa. Ilielezwa kuwa nyuki waliingia garini. Wengi Pwani hawakuridhika.