Karani Aliyemjua Mwenziwe Shi'ra

Chuoni, tulipofika Sura ya An-Najm, niliijua Shi'ra kuwa ni nyota moja. Ukubwani nilisoma maisha ya Friedrich Bessel, ndipo nikajua kuwa ni mbili.

Bessel alizaliwa Minden, Ujerumani, mwaka 1784. Akiwa na miaka 14 aliacha skuli, akaingia ukarani katika nyumba ya biashara mjini Bremen. Alitamani kusafiri na marikebu, kwa hivyo usiku alijifunza unahodha. Unahodha ukamfikisha kwenye nyota. Chuo kikuu hakukisomea, lakini alipewa ukuu wa jumba la kutazamia nyota la Königsberg.

Mwaka 1844 alitangaza kuwa Shi'ra haiendi sawasawa, bali inayumba. Basi iko nyota nyingine isiyoonekana inayoivuta. Hakuwa na ushahidi ila hesabu zake. Alifariki 1846, hajamwona mwenzi huyo. Mwaka 1862, Mmarekani Alvan Graham Clark alimwona alipokuwa akijaribu darubini mpya.

Mwenzi huyo ni kibete mweupe: umbo lake kadiri ya dunia yetu, uzito wake karibu sawa na wa jua. Wako vibete wengine wanaopwita, nuru yao ikizidi na kupungua kila dakika kadhaa. Wataalamu huupima mpwito huo wakajua yaliyomo ndani ya nyota. Njia ni ileile ya Bessel: kinachoonekana kikitikisika, hukitambulisha kilichofichika.

Sasa kila niionapo Shi'ra, humkumbuka karani yule aliyekufa na yakini yake.