Mtumwa Aliyekombolewa Akawa Tabibu

Watu wengi hudhani kwamba wema ni jambo la siku moja: zawadi kubwa itolewayo mbele ya macho ya watu, kisha basi. Maisha ya marehemu Adrian Atiman, katekista na tabibu wa Karema, yatufundisha vingine.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Angali mtoto alitekwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hata Algeria. Huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea, wakamfundisha dini, naye akabatizwa. Baadaye Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze utabibu wapate kutumika katika misioni za Afrika.

Mwaka 1888 alianza safari ya kuja pande zetu. Zama zile misafara itokayo pwani kwenda Tabora ilipita katika nchi hii ya Ugogo kwa miguu, penye jua kali na maji haba. Mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende, na mwana wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Atiman mwenyewe hakuwa padre, wala hakuwa na cheo cha serikali. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini, siku hata siku, mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Uzeeni alipewa nishani, lakini nishani haziponyi donda; lililoponya ni mkono uliorudi kesho yake kuliosha tena.

Tena tuangalie jambo hili. Waliomkomboa hakuweza kuwalipa. Basi deni lake aliwalipa watu wengine: watu wa ziwani ambao hawakuwahi kumtendea lolote, na ambao lugha yao ilimbidi kujifunza ukubwani. Wauzaji walimpangia bei kama mbuzi mnadani. Yeye, aliyejua uchungu wa kupangiwa bei, hakumpangia mgonjwa thamani kwa kabila lake wala kwa mali yake. Ndivyo wema wa Kikristo ulivyo: haurudi nyuma kutafuta malipo, bali huenda mbele kumtafuta mhitaji.

Nasi je? Hapa Mtumba leo umejengwa Mji wa Serikali, na kila juma hufika watu waliotoka mbali, bahasha mkononi, wasiojua mlango upi wabishe. Huyo mama aliyelala safarini, akiambiwa tu aje kesho, kesho hiyo yamgharimu chakula na malazi. Kumsikiliza, kumwonyesha njia, kumpa kiti na maji ya kunywa, hakuhitaji shahada ya Malta. Kwahitaji moyo usiochoka kutenda hivyo kwa mtu wa kumi kama ulivyotenda kwa wa kwanza.

Siku ya hukumu Bwana wetu hatatuuliza habari za nishani. Atatuuliza habari za mgonjwa, mwenye kiu na mgeni. Atiman alianza kujibu tangu ujana wake. Sisi nasi tuanze leo, na kesho tuendelee.