Jan Czochralski: Fundi wa Fuwele Aliyezuliwa

Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya semikondakta iitwayo Semiconductor Technologies Limited. Kila nikisikia vijana wa Nyeri na Karatina wakizitaja chembe hizo ziendeshazo simu na redio, hunijia jina la Jan Czochralski, bwana mmoja wa Poland. Bila ya kazi yake, sijui zingefikaje hapa zilipofika.

Alizaliwa mwaka 1885 Kcynia, mji mdogo uliokuwa chini ya Prussia, na baba yake alikuwa seremala. Alihamia Berlin, akatumika katika duka la dawa, kisha akaingia kampuni ya AEG kuchunguza madini. Mwaka 1916, kama isimuliwavyo, alikuwa akiandika, na badala ya kuchovya kalamu katika kidau cha wino, akaichovya katika chungu cha bati lililoyeyuka. Kuivuta, uzi mwembamba ukaning'inia. Akaupima: ni fuwele moja tupu, haina kiungo! Mimi niliyefunzwa kwa ubao na kalamu ya mwanzi chuoni kwa mwalimu, kisa hiki hunifurahisha mno.

Mwaka 1950 Gordon Teal na J. B. Little, wa maabara ya Bell huko Marekani, waliitumia njia hiyo kuvuta fuwele za jermani, na silikoni ikafuata. Silikoni huyeyushwa kwa joto lipitalo digrii 1,400 katika chungu cha silika. Kifuwele kidogo, waitacho mbegu, hugusishwa juu ya uso wake, kikavutwa polepole huku kikizungushwa, nayo silikoni ikagandia chini yake.

Lakini ule uji wa moto hautulii. Utazame mchuzi jikoni: ndani ya chungu hupanda na kushuka. Silikoni nayo ni vivyo hivyo. Huikokota oksijeni kutoka kwenye chungu, joto likayumba, na fuwele ikatoka na michirizi. Dawa yake ni sumaku, ile ile waliyoijua manahodha wetu katika dira. Silikoni iliyoyeyuka hupitisha umeme. Ikienda mbele ya sumaku kubwa, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake, na kutokana nayo hutoka nguvu inayoupinga mwendo huo huo. Uji ukatulia bila kuguswa na kitu. Wataalamu walilionyesha jambo hili kwa fuwele nyingine mwaka 1966, na kwa silikoni Sony wa Japani wakalitangaza mwaka 1980.

Mwenyewe hakuyaona hayo. Utajiri wake ulitokana na madini mengine, mchanganyiko usiohitaji bati, uliotiwa katika beringi za magari-moshi. Mwaka 1928 aliyaacha ya Ujerumani akarudi Poland kwa mwito wa Rais Mościcki, akawa profesa katika chuo cha ufundi cha Warsaw. Nyumba yake ilikuwa baraza ya washairi na wasanii, na yeye mwenyewe alitunga mashairi. Kwa hilo tu namhesabu katika sisi.

Vita vikaja. Chini ya Wajerumani aliendesha maabara kwa idhini yao, na vita vilipokwisha akashitakiwa kuwa alishirikiana nao. Mwaka 1945 alifungwa miezi kadhaa. Uchunguzi haukumpata na hatia, akaachiwa. Hata hivyo chuo chake kilikataa kumrudisha. Buhtani ina ukaidi: hakimu husema hapana, watu wakashikilia ndiyo. Profesa akarudi Kcynia kutengeneza dawa za mafua na vipodozi.

Alifariki dunia Poznań, Aprili 1953, moyo ukimsimama baada ya askari wa siri kuipekua nyumba yake. Baadaye nyaraka zilionyesha kuwa wakati wa vita alikuwa akiwapa habari wapiganaji wa chini kwa chini wa Poland. Mwaka 2011 baraza la chuo cha Warsaw likamrudishia heshima yake, na bunge likaufanya mwaka 2013 kuwa mwaka wake. Alikuwa ameshalala kaburini Kcynia miaka 58 chuo kilipomsafisha.